Wauza mabwawa ya mtumba mjini Dar: nimeuziwa turubai la bwawa moja na mabomba ya bwawa jingine

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Siku hizi hapa Dar kuna watu wanashusha mabwawa ya kuogelea ya mtumba, yale ya kufunga juu ya ardhi: mabomba ya chuma, turubai zito la bluu, pampu pembeni. Yanaingia kwenye makontena pamoja na makochi, baiskeli na majokofu. Nikachukua moja kwa ajili ya watoto, likizo hii ya Desemba, laki nane na nusu. Tangazo lilisema: "Mtumba gredi A, kamili kila kitu, limejaribiwa, ni kufunga na kuogelea." Ukweli hapo ni neno mtumba peke yake.

Tuanze na hiyo "kamili". Niliambiwa ni la futi 15, kimo mita 1.22. Turubai kweli ni la futi 15, lebo ipo. Mabomba ni ya bwawa jingine kabisa. Ukipitisha mabomba ya juu kwenye mifuko ya turubai, matundu ya kuingizia miguu hayakutani na viungo. Upande mmoja unalegea, upande wa pili unavutika mpaka unaona nyuzi za mshono. Viungo vya plastiki vya umbo la T vingine vina nyufa, na pini zilizopotea wamechomeka misumari. Msumari jamani, ndani ya mfuko wa turubai! Chuma chenyewe kimepigwa rangi ya silva juu ya kutu. Ukiligonga bomba, unga mwekundu unamwagika kutoka ndani.

Najua kuna watakaokuja na "mbona hukukagua". Niliomba lifunguliwe palepale godauni. Jibu likawa: "Boss, hapa nafasi hakuna, na maji ya kulijaza tutatoa wapi?" Sasa hilo "limejaribiwa" lilijaribiwa wapi? Bwawa halijaribiwi kwa kulikodolea macho likiwa kwenye gunia. Turubai lililokunjwa muda mrefu linakakamaa kwenye mikunjo na ndipo linapopasukia. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana hataki ulikunjue.

Wakanipa na fundi wao, eti ufungaji umo kwenye bei. Mimi niko Goba, na waliopo Goba wanajua kiwanja tambarare huku ni bahati. Uani kwangu pameinama kidogo kuelekea kwa jirani. Fundi hana pima maji, hana hata mpira wa maji wa kupimia usawa ambao kila fundi ujenzi wa mtaani anao. Kapima kwa jicho. Akamwaga mchanga upande wa chini mpaka akaona "pamekaa", akasimamisha miguu juu ya mchanga huohuo bila kuweka hata kipande cha tofali. Nikamuuliza kwa nini asichimbe upande wa juu aushushe, akacheka, akaniambia mzee wewe subiri kuogelea.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Bwawa la ukubwa huo likijaa linabeba karibu lita 17,000, na lita moja ya maji ni kilo moja. Hizo ni tani 17 juu ya mchanga wa kumwaga! Na maji yanaegemea palipo chini, kwa hiyo mteremko wa sentimita chache tu unatosha kuanza kuisukuma miguu ya upande huo kwenda nje. Unachimba palipoinuka, unashindilia, kila mguu unauwekea kitu kigumu chini. Fundi anayelipwa kwa kazi hii asiyejua hivyo si fundi.

Halikufika hata kujaa. Boza la kwanza la lita 10,000 linaelekea kuisha, maji yamepita magoti, kiraka kikaachia. Kiraka chenyewe ni kipande cha tyubu ya baiskeli, gundi ya pancha, juu wamepaka rangi ya bluu ili kifanane. Gundi ya pancha ni ya mpira. Turubai hili ni plastiki ya PVC, lina gundi yake na viraka vyake. Maji yakauchimba mchanga wa fundi, miguu ikazama, upande mzima ukalala, na boza langu likaishia kwenye matuta ya mchicha ya mama jirani, ambaye mpaka leo hanisalimii. Watoto walikuwa bado ndani ya nyumba wanabadilisha nguo, Mungu ni mwema.

Lakini haya yote ningeyameza. Kilichonileta hapa ni pampu.

Lebo yake inasema volti 120, hezi 60. Ni pampu ya Marekani hiyo. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Pampu hizi za kule huja na kidude kwenye plagi yake, kazi yake ni kukata umeme ukianza kuvuja. Hawa jamaa wamekata plagi pamoja na hicho kidude, wakafunga plagi yetu ya miguu mitatu, waya wa ethi haukuunganishwa popote, transfoma ya kushusha umeme hakuna. Fundi akaivuta kwa ekstensheni ya sebuleni juu ya majani yaliyolowa. Ikanguruma, ikatoa moshi, breka ikashuka. Hii ni kabla kiraka hakijaachia, yaani kama isingeungua, watoto wangeingia kwenye maji yenye pampu ya namna hiyo. Unaua watu kwa laki nane!

Na hata ingekuwa nzima, imeandikwa galoni 330 kwa saa, kama lita 1,250. Kuzungusha bwawa zima mara moja ni zaidi ya saa 13. Halafu mipira yake ni ya milimita 32 wakati matundu ya turubai ni ya 38.

Nikampigia muuzaji. "Mzee, mtumba hauna garantii, soma risiti, mali ikishauzwa hairudishwi." Kisha kaniblock. Shemeji yangu ana namba yake, anasema picha zilezile bado ziko status.

Wanasheria wa humu, nisaidieni. Ninavyojua, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na tangazo lake lote nimelipiga picha. Je, hayo maneno ya risiti yanamkinga? Nianzie Tume ya Ushindani au niende moja kwa moja mahakamani?

Mafundi umeme, mkiona pampu iliyobadilishwa plagi, msimfungie mtu. Na mwenye mabomba ya futi 15 yasiyo na kutu aje PM, ila ajue nitakuja na futi kamba, na tutayaunganisha kwanza kabla sijatoa hata shilingi.