Kaboni, zeolaiti ama sponji peke yake, tangi la lita 60

gapi_kisauni: Habari zenu, nna tangi la lita 60, goldifishi wawili, filta ya ndani yenye nafasi ya kitu kimoja tu juu ya sponji. Muuzaji aniambia tia kaboni (makaa maalum ya kuchujia), mwengine asema zeolaiti (vijiwe vya kuchujia), na jirani hatii chochote na samaki wake wanene. Maji yangu yamekuwa rangi ya chai tangu nitie kigogo. Nichukue gani?

AbuuTangi: Rangi hiyo yatoka kwa kigogo, hapo kaboni ndio yenyewe. Yanasa rangi, harufu, mabaki ya dawa, na klorini ya maji ya mfereji. Lakini amonia, sumu ya uchafu wa samaki, haishiki, naitraiti na naitreti zitokanazo nayo pia haishiki, hiyo amonia na naitraiti ni kazi ya bakteria wa kwa sponji, ndio maana jirani yako hana shida. Ioshe mpaka weusi uishe ndio utie, na wiki 3 au 4 hivi ishajaa, badilisha.

mama_samaki_likoni: Zeolaiti ndio ya amonia, hasa tangi jipya. Ila gapi, watumia maji gani? Kama ni kisima cha chumvi achana nayo kabisa, chumvi yaifanya iachilie amonia iliyoshika, wenye kuitumia tena huiloweka maji ya chumvi kwa sababu hiyo hiyo.

gapi_kisauni: Kisima, mfereji kwetu waja ukipenda. Na huo uchumvi kaboni haiutoi?

AbuuTangi: Haiutoi. Chumvi na ugumu wa maji vyapita tu.

fundi_mjiwakale: na makaa ya jiko nikiyaponda je?? vifuu vya nazi vimejaa hapa nyinyi mwanunua kwa gramu

mama_samaki_likoni: Haha fundi. Kaboni ya vifuu ipo na ni nzuri sana, lakini vikishakuwa makaa hupigwa mvuke tena kwa moto wa digrii 800 kwenda juu, ndio vile vitundu vidogo vidogo vifunguke, gramu moja yaweza kuwa na eneo la zaidi ya mita mraba 500. Ya jiko hayajapita huko.

fundi_mjiwakale: basi yabaki ya mishkaki

AbuuTangi: Gapi tia kaboni, rangi ikitoka itoe, pahali pake utie sponji ya pili, na sponji uikamulie ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Siku ukitia dawa hakikisha kaboni haimo, itainyonya dawa yote. Na lita 60 kwa goldifishi wawili, wallahi wawabana hao.

gapi_kisauni: Tangi kubwa lauzwa wapi huku Kisauni?