Hukumu ya daraja la Nyali: acheni kunukuu mti tu, someni na pale mahakama ilipokataa kuangalia mkataba wa Pwani

Wakuu nimechoka kabisa. Kila ukizuka mjadala wa ardhi ya Pwani lazima aje mtu, mara nyingi msomi wa sheria, atuambie Mwingereza kwa ubaya wake wote angalau alituachia mahakama za haki, halafu anamnukuu Denning, yule jaji wa Uingereza, na ule mti wake wa mwaloni, kwamba sheria ya Kiingereza ukiihamishia Afrika haimei vilevile kama kwao, lazima ipogolewe iwafae watu wa huku. Maneno matamu. Lakini ile hukumu mmeisoma yote au mmekariri mti tu?

Kesi ni ya 1955, mahakama ya rufaa ya London, kampuni ya Nyali Ltd dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Wazee wa Mombasa wanalikumbuka daraja la zamani la Nyali, lile lililokuwa linaelea, lilifunguliwa 1931 likatumika mpaka hili la sasa lilipokuja 1980. Kampuni ilikuwa inatoza ushuru wanaovuka, ugomvi ukawa je, jeshi nalo lilipe? Hela za kuvukia daraja tu, ila zikafukua swali zito: Malkia ana mamlaka gani hapo?

Maana kisheria Mombasa haikuwa koloni. Ukanda wote wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, bendera yake nyekundu ikipepea Fort Jesus hadi 1963, na Mwingereza alikuwa mpangaji kwa mkataba wa Desemba 1895. Kodi yenyewe pauni 11,000 kwa mwaka, na juu yake riba ya pauni 6,000 kwa sababu zilitumika pauni 200,000 za Zanzibar yenyewe kuilipa ile kampuni ya Waingereza iliyokuwa inaendesha eneo kabla yake, ili iondoke. Yaani pesa za mwenye mali ndizo zilizomsafishia mpangaji njia ya kuingia, na hilo pia halisemwi! Hata 1920 bara ilipofanywa Kenya Koloni, Pwani ilibaki jina lake Protektoreti, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wa Mwingereza lakini si mali yake.

Sasa sikilizeni Denning alisema nini kabla hajafika kwenye mti wake. Alikubali kwamba kisheria mamlaka ya Mwingereza huku yana mipaka, halafu hapohapo akasema mahakama haitaichora hiyo mipaka, haitauchunguza mkataba uliompa hayo mamlaka, haitauliza ameyapanuaje, inawaamini maofisa wa serikali wenyewe kuijua mipaka yao na kutoivuka, na serikali ikishayatumia mamlaka basi mahakama hairuhusu yapingwe. Rudieni kusoma hiyo. Mpangaji anapima chumba chake mwenyewe, akijisogezea ukuta hakuna wa kumuuliza, na mkataba upo kabatini ila hakimu hataki kuufungua. Huo ndio utawala wa sheria mnaotusifia?

Na msiniambie ni Denning peke yake. 1913 Wamaasai walikwenda mahakamani hapahapa Mombasa, kesi ya Ole Njogo na wenzake, wakiwa na makubaliano ya 1904 yaliyosema maeneo waliyotengewa, Laikipia ikiwemo, ni yao muda wote Wamaasai watakapokuwepo duniani, na haikupita hata miaka kumi wakahamishwa Laikipia ili ardhi wapewe masetla, yaani walowezi wa Kizungu. Mahakama ikajibu nini? Kwamba hii Protektoreti si ardhi ya Uingereza, Wamaasai ni watu wa nje, makubaliano yao ni mkataba wa mataifa, kwa hiyo mahakama haina uwezo wa kuusikiliza. Kufukuzwa wanafukuzwa na serikali hiyohiyo ila kushtaki ndo wanaambiwa wageni! Halafu bara ikageuzwa koloni, haya sasa si wageni tena, 1921 Jaji Mkuu Barth akaamua Mwafrika hana haki ya ardhi yake, ni mpangaji wa serikali anayeweza kutolewa wakati wowote. Protektoreti ukose, koloni ukose.

Wanaolipia mpaka leo ni wale wanaoitwa maskwota (wakazi wasio na hati ya ardhi) Kilifi na Kwale, ambao wazee wao walikaa pale kabla ya huo mkataba wa 1895 na hawakuulizwa na Sultani wala na Mwingereza, na Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walipoandikiana kuyamaliza mambo ya ukanda hawakuulizwa tena. Ukiwaambia warithi wa wazee hao wafuate sheria waende kortini, waambie pia korti ilifunga mlango lini.

Kwa hiyo wewe unayefundisha sheria au unayejibu nyuzi hapa kwa kujiamini, nina swali moja na nataka jibu, si matusi. Mtu wa Kisauni, hapo Mombasa, mwaka 1955 akiona Mwingereza amevuka mipaka ya ule mkataba, angekwenda kushtaki wapi? Nitajie mahakama moja tu.