Meza tatu za wavuta sigara kwenye baa: sheria ya Kenya inaruhusu?

Swali: Wadau, baa ni ukumbi mmoja na kibaraza nyuma. Kutenga meza tatu za kona na kufunga eisii (kiyoyozi) kunatosha?

Jibu 1: Hapana. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inataka eneo la wavutaji litengwe kwa ukuta toka sakafuni hadi darini, na hewa yake itolewe moja kwa moja nje bila kurudi ukumbini. Eisii ya ukutani haitoi hewa, inazungusha ileile ikiwa baridi. Unachohitaji ni feni ya kutoa hewa, tena yenye nguvu kiasi kwamba mlango ukifunguliwa hewa ya ukumbi ivutwe chumbani. Pima kwa udi: uwashe, uushike upande wa ukumbini, chini ya mlango uliofungwa. Moshi wake ukikataa kuingia chumbani, feni ni dhaifu au bomba limeziba. Na bomba lisitokee karibu na dirisha la jikoni (kosa la fundi wa haraka hilo).

Jibu 2: Anayevuta hadharani: faini hadi shilingi 50,000, au kifungo hadi miezi 6, au vyote.

Jibu 3: Jibu 1 yuko sawa, ila mhudumu je? Lazima aingie kuokota chupa na kumwaga majivu. Mimi ningefuta chumba kabisa. Kibaraza nacho ukikizungushia turubai pande zote, moshi unabaki humohumo.