Nunda mla watu kwenye D&D 5e: anakufa kizembe

PakaShume
Wakuu, kwenye mchezo wangu wa kuigiza wa D&D (toleo la tano, kanuni za 2014), Nunda, yule paka mkubwa wa hadithi, ndiye adui wa mwisho kwa wachezaji wanne wa leveli 7. Nimeanzia kwa simbamarara, nikampa HP (uhai) 210 (20d12+80, yaani wastani wa dadu 20 za pande 12 jumlisha 80), AC (ugumu wa kumpata) 17, ukubwa Huge (mkubwa mno). Kwenye majaribio anazungukwa, anapigwa mara nne ndipo apate zamu. Nikiongeza HP, pambano linarefuka tu. Anakosa nini?

Dadu20
HP hazina shida. CR (kiwango cha ugumu wa adui) 10 inataka 206 hadi 220, na XP (pointi za uzoefu) zake 5,900 zimekaa kati ya pambano hard, yaani gumu (4,400), na deadly, la kuua (6,800), kwa timu hiyo. Anachokosa ni zamu. Mpe pointi 3 za legendary (vitendo vya ziada nje ya zamu yake) kila raundi, azitumie zamu ya mchezaji inapoisha: pointi 1 asogee nusu ya mwendo bila kuchochea opportunity attack (pigo la bure kwa anayeondoka), pointi 2 apige kucha. Hiyo ya kusogea ndiyo dawa ya kuzungukwa.

Zamu yake: ng'ato 2d10+6 na kucha mbili za 2d8+6, zote +10 kwenye dadu ya kulenga. Aking'ata mtu anamkaba, zamu inayofuata anammeza: asidi 4d6 kila zamu. Aliye ndani akimpiga 20 kwa zamu moja, Nunda anarusha seivu (dadu ya kujinusuru) ya Con (ustahimilivu) DC 15, yaani afikishe 15, akifeli anamtapika.

Mzee wa Kampeni
Mkuu Dadu20, umezidisha. Wastani wa madhara kwa raundi: ng'ato 17, kucha 15 mara mbili, na 15 ya legendary: 62. Asidi huhesabiwa raundi mbili kati ya tatu, ongeza 9. Unapata 71, yaani CR 11, na +10 inasukuma hadi 12. Ukipatanisha na ulinzi wake wa CR 10 ni CR 11, XP 7,200, umevuka deadly. Ondoa kucha moja kwenye zamu yake, anarudi 10.

Halafu leveli 7 ndiyo inayofungua uchawi wa Polymorph (kumgeuza kiumbe) na Banishment (kumfukuzia ulimwengu mwingine). Banishment ni seivu moja ya Charisma (nguvu ya nafsi), na paka hana Charisma ya maana, Nunda katoweka. Mpe Legendary Resistance (kugeuza seivu aliyofeli ihesabiwe amefaulu) moja. Kwa CR hii inahesabiwa kama HP 20, kwa hiyo shusha ziwe 199 (19d12+76). Ukimpa tatu umeongeza HP 60 kimyakimya.

Ngawa
Hapo kwenye 20 kwa zamu moja pana mtego. Aliyemezwa haoni na amebanwa, anarusha dadu mbili anachukua ndogo, kwa hiyo rogue (mhusika mwizi) hana Sneak Attack (madhara yake ya ziada ya kuvizia). Akibaki na upanga mfupi, 1d6+4, hafiki 20 hata siku moja. Jumlisha madhara tangu amezwe, yakifika 20 ndipo seivu. Kwa Con +4 anafeli nusu ya mara.

PakaShume, angalia na ramani yako. Huge ni futi 15 kwa 15. Kichochoro cha futi 10 anapita kwa kujibanza: mashambulizi yake yanadhoofika, ya wachezaji yanaimarika. Wakimvutia humo wameshinda, basi acha kimoja tu, na wakipate kwa kufuata nyayo. Kwenye hadithi yenyewe kijana analeta twiga, kifaru, tembo, na kila mara mama anamwambia siye. Nyayo mbili za uongo kabla ya Nunda zinatosha, ya tatu wachezaji watachoka.

PakaShume
Kumbe! Uwanja wangu wote ni vichochoro vya futi 10. Naupanua leo.