Kutembea kwa miguu Saadani: mtu wa baridi ajiandaeje?

Mwl_Mafinga: Wakuu, likizo ya Juni, wakati huku tunaota moto, nashuka na mama mkubwa hadi Saadani, ile hifadhi ya wanyama ya pwani. Tunataka kutembea porini na askari. Ruaha tumefika, ila kwa gari tu. Mama anauliza simba, mimi nauliza joto.

Wa_Uyole: Joto ndilo simba mwenyewe, mwalimu! Mimi nilitoka na sweta langu la Uyole alfajiri. Nusu saa tu nimelifunga kiunoni, limelowa chapachapa. Anzeni jua likichomoza. Askari anatangulia na bunduki, mnafuatana mstari mmoja, kimya. Akainama ghafla: nyayo za ngiri kwenye mchanga wa bahari, wimbi limeshafuta nusu. Hilo Ruaha hulioni.

Mnyalu: Shikamoo kwa mama. Asivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda rangi hizo. Viboko na mamba mkawaone kwa boti, Mto Wami.

Mwl_Mafinga: Marahaba, anasema. Ila kitenge chake kipya ni cha bluu, na hataki kusikia.