Kushuti nje juani: ND za viwango, ND ya kuzungusha au fremu ya kitambaa?

Kivuli_Kirefu: Wakuu, naomba ushauri kabla sijanunua. Nina filamu fupi, karibu yote ni nje, mchana. Nikiziweka nyuso sawa, anga linaungua, jeupe tupu. Nikiliokoa anga, nyuso zinakuwa nyeusi. Bajeti inaruhusu kimoja tu: filta za ND (vioo vyeusi vya kupunguza mwanga kwenye lenzi) za viwango maalumu, ND moja ya kuzungusha ili kuongeza au kupunguza giza, au fremu kubwa ya kitambaa cheupe cha kulainisha jua. Nichukue kipi?

Shata50: Kamera gani? Inarekodi rangi kwa biti 8 au 10? Ina ND ya ndani? Waigizaji wamesimama au wanatembea? Bila hayo tutapiga ramli tu.

NuruKali: Ramli ya nini, achukue ND. Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde, logi (picha iliyofifishwa ili irekebishwe baadaye) kwenye ISO 800: jua likiwa wazi itabidi ufunge lenzi hadi f/64. Nani ana lenzi hiyo? Ukitaka f/4 unakata stopu 8 (kila stopu inakata mwanga nusu), yaani ND 2.4. Ukipandisha shata badala yake, mwendo unakuwa wa kukatakata.

MamaRifleta: Hesabu sawa, swali hujajibu. ND inashusha anga na uso kwa kiwango kilekile. Anga likiuzidi uso kwa stopu 6, ukivisha ND bado litauzidi kwa 6. Tatizo lake ni tofauti kati ya hivyo viwili, na ND haiigusi.

NuruKali: Basi fremu.

MamaRifleta: Fremu nayo inampunguzia mwanga aliye chini yake tu. Nyuma jua linawaka vilevile, kwa hiyo anga litazidi kuungua! Kitambaa kinalainisha vivuli vya pua na macho, hiyo ndiyo kazi yake. Kwa anga, mrudishie mwigizaji mwanga kwa rifleta, au sogeza kamera ili nyuma ya mwigizaji kuwe na miti au ukuta wenye kivuli. Kusogeza kamera ni bure.

FundiGripu: Fremu mimi naziheshimu tangu kazi moja ya tangazo. Tulipewa ya futi 12 kwa 12 na stendi mbili, mifuko ya mchanga tukaambiwa ipo njiani. Mratibu akatazama juu, akasema upepo hakuna, tuanze. Teki ya kwanza safi. Ya pili kitambaa kikavimba kama tanga, stendi moja ikanyanyuka, mimi nikaning'inia kwenye bomba huku mwenzangu anavuta kamba upande wa pili akimwita kila mtakatifu anayemjua. Ikaangukia meza ya sauti. Fundi sauti hakusema neno, alikusanya vyake akaondoka. Mifuko ya mchanga ilifika tukiwa tunapakia gari. Malipo yetu yakakatwa, na waliokata ndio waliosema upepo hakuna.

Kivuli_Kirefu: Pole sana mkuu. Kamera ni ya biti 8, haina ND ya ndani. Waigizaji wanatembea. Wasaidizi ni wawili. Ni ufukweni.

Shata50: UFUKWENI! Ungesema mwanzo. Fremu sahau.

BintiLenzi: Na logi kwenye biti 8 sahau pia. Anga la bluu litatoka na mistari-mistari ukianza kugredi, yaani kurekebisha rangi. Tumia mpangilio wa picha wa kawaida wenye kontrasti ndogo, washa zebra (mistari ya kuonyesha palipozidi mwanga), linda ngozi.

NuruKali: Ngozi? Linda anga! Kilichoungua hakirudi, kivuli utakiinua baadaye.

BintiLenzi: Ukiinua kivuli cha biti 8 unainua chenga. Watazamaji wanaangalia macho ya mtu. Kipande cha anga kikiungua pembeni, nani atalalamika?

NuruKali: Mimi.

Shata50: ND ya kuzungusha itamfaa, anatembea na mwanga unabadilika.

MamaRifleta: Hiyo ni polaraiza mbili (filta za kuchuja mng'ao) zilizobebana. Kwenye lenzi pana ukizungusha sana inatokea alama ya X gizagiza katikati ya picha. Na baharini mng'ao wa maji utakuwa unabadilika kila akigeuza kamera. Viwango maalumu, na ashuti asubuhi na jioni.

Kivuli_Kirefu: Ratiba ya waigizaji ni saa sita hadi saa tisa mchana tu.

FundiGripu: Nani kapanga hiyo?

BintiLenzi: Na mawimbi? Maji yakipwa saa hizo mchanga mweupe utawamulika toka chini, rifleta ya bure. Yakijaa hamna pa kusimama.

Shata50: Mchanga wa rangi gani, mkuu?