Shilingi imerudi kwenye bei, Kiswahili kitarudi lini kwenye mkataba?

MLETA MADA, JAMBIANI

Assalaam alaykum wadau. Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu, naomba tulijadili kwa uwazi.

Mjomba wangu ana kiwanja karibu na pwani hapa kwetu Zanzibar, kakirithi kwa mama yake. Alimkodisha mwekezaji mmoja ajenge nyumba za wageni. Mkataba una kurasa kumi na moja, zote Kiingereza, na kodi imeandikwa kwa dola. Mjomba Kiingereza hakijui. Dalali alimsomea "kwa ufupi", akamwambia ni miaka kumi, naye akatia saini mbele ya mashahidi. Mwaka wa sita alipodai kodi ipande ndipo alipoonyeshwa kifungu cha tisa: mpangaji akipenda ataongeza miaka kumi mingine kwa kodi ileile, na mwenye kiwanja hana haki ya kukataa. Siku ya saini kifungu hicho hakikusomwa. Labda dalali alikiruka kwa makusudi, labda na yeye hakukifahamu.

Mjomba si mjinga. Alisoma chuo cha Qur'ani tangu mdogo, barua zake zote anaandika kwa herufi za Kiarabu, na hesabu za dau lake hazijawahi kumpiga chenga. Lakini mbele ya karatasi ile alikuwa sawa na mtu asiyejua kusoma.

Sasa, tangu Machi 2025 zipo kanuni zinazokataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania, na anayekataa shilingi anavunja sheria. Nilizipokea kwa furaha. Baadaye nikajiuliza: kodi ya mjomba ikigeuzwa kuwa shilingi, kifungu cha tisa si kitabaki palepale, na kwa lugha ileile?

Hoja yangu ni hii. Mkataba wowote wa ardhi, mkopo au ajira anaowekewa mwananchi atie saini, uandikwe kwa Kiswahili, na ugomvi ukitokea nakala ya Kiswahili ndiyo itakayofuatwa. Kiingereza kiwe tafsiri. Mnasemaje?

MWENYE NYUMBA YA WAGENI, PAJE

Waalaykum salaam. Mpe pole mjomba. Hata hivyo siko na wewe, na nitasema kwa nini.

Mgeni wangu anaweka oda kwa intaneti akiwa kwao Italia au Poland. Bei anaiona kwa euro kabla hajapanda ndege. Viyoyozi, mashine ya boti, kamisheni za mawakala wa nje, vyote nalipa kwa dola. Na tusiwasingizie wageni: wenye viwanja wengi ndio wanaotaka dola, kwa sababu wanaiogopa shilingi. Mwaka 2024 peke yake dola ilipita shilingi 2,700, halafu Desemba ikashuka karibu na 2,400. Mkataba wa miaka kumi utauandikaje kwa kitu kinachocheza namna hiyo? Serikali yenyewe ilipoanzisha bima ya lazima kwa wageni, Oktoba 2024, iliitaja kwa dola 44.

Kwa upande wa lugha, mwekezaji ana benki yake na mwanasheria wake huko alikotoka. Ukimwambia Kiswahili ndicho kitakachofuatwa, atavuka Kenya, Watamu au Diani, akaweke pesa zake huko. Vijana wetu wanaofanya kazi mahotelini watakula wapi?

MUUZA DUKA, WETE

Ndugu zangu, mimi ni mtu mzima, sitaki kubishana na mtu. Nitasema nililoliona.

Babu yangu alikuwa na duka hapa Wete, Pemba. Kabla ya msimu wa karafuu watu hawana kitu, kwa hiyo walikuwa wanachukua mchele, sukari na mafuta ya taa kwa deni, na kulipa wakishachuma na kuanika. Deni lote likiandikwa ndani ya daftari refu lenye jalada jekundu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Jina la mtu, alichochukua, pishi ngapi, tarehe ya mwezi mwandamo. Akimaliza kulipa, babu anapiga mstari na pembeni anaandika "kalipa".

Nakumbuka bibi mmoja wa Mtambwe. Nilikuwa mdogo, kazi yangu kushikilia kibatari. Alivuta daftari upande wake, akapita na kidole mstari kwa mstari, kutoka kulia kwenda kushoto, akasita. "Hapa umeandika pishi mbili. Mimi nilichukua moja na nusu." Babu akatazama, akafikiri, akakwangua kwa wembe akaandika upya mbele ya macho yake. Hakukuwa na ugomvi. Wote wawili walisoma chuoni, karatasi ile ilikuwa yao wote.

Baba yangu aliposhika duka, yeye aliyesoma skuli, akaanza kuandika kwa herufi za Kizungu. Lugha ni ileile Kiswahili, jalada jekundu lilelile. Bibi wa Mtambwe akaja kulipa, akaliangalia daftari, akalirudisha. Akamwambia baba, "Nisomee, mwanangu." Baba alikuwa mwaminifu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakumpunja hata senti. Lakini tangu siku ile yule bibi alikuwa anaamini tu, hahakikishi tena. Hakuwa amesahau chochote. Maandishi ndiyo yaliyomhama.

Watu wengi wa umri ule walihesabiwa hawajui kusoma, na kusoma walijua. Ikiwa kubadilisha herufi peke yake kulimfanya yule bibi vile, basi kubadilisha lugha nzima kutamfanyaje mtu?

Na tusisahau, Waislamu wenzangu, aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani ni ya deni, Baqara 282. Inaamrisha deni liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Halafu inasema nani aandikishe: yule mwenye deni juu yake. Si mkopeshaji. Na kama mdaiwa ni dhaifu au hawezi, basi walii wake ndiye aandikishe, tena kwa uadilifu. Anayefungwa na karatasi ndiye ambaye maneno yake yanaandikwa. Mkataba wa mjomba wako umekwenda kinyume kabisa: aliyefungwa hakutamka hata neno moja lililomo ndani.

MTEMBEZA WATALII, NUNGWI

Mzee wangu wa Wete, shikamoo. Maneno yako mazito. Ila tuseme kweli, Kiswahili chetu hakijatosha kwa mambo ya fedha. Mikataba ya sasa ina maneno ambayo sisi hatuna.

MUUZA DUKA, WETE

Marahaba mwanangu. Hayo maneno tunayo tangu zamani. Rahani, dhamana, amana, hawala, hundi, bima, dalali, ushirika, faida, hasara, mdhamini. Mengine yaliingia kutoka Uarabuni, mengine kutoka Bara Hindi, yakakaa yakawa yetu, kwa sababu biashara ilikuwa ikifanyika hapa. Neno "pesa" lenyewe ni la Kihindi. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipotoa pesa zake za shaba, mwaka 1299 wa Hijria, upande mmoja zilichorwa mizani. Babu alikuwa nayo moja kwenye kibweta, nimeichezea sana. Watu wa sokoni hawakusubiri mtu awatungie istilahi.

Na tazama simu. Bibi wa Micheweni ambaye hajawahi kuingia benki anapokea pesa ya mwanawe kutoka Mjini, anasoma salio lake, anakwenda kwa wakala anatoa. Angeyaweza hayo kama simu ingemsemesha Kiingereza? "Muamala" ni neno la vitabu vya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, leo limo kwenye kila meseji.

MWANASHERIA, MJINI

Naomba niseme kidogo upande wa sheria, kwa sababu hofu ya ndugu yetu wa Paje ina jibu.

Mkataba wa lugha mbili ni jambo la kawaida duniani. Unaandikwa safu mbili, na kifungu kimoja kinataja lugha ipi itafuatwa zikihitilafiana. Kinachobishaniwa hapa ni kifungu hicho kimoja. Tanzania Bara, mwaka 2021, sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na mashauri hayakusimama. Quebec, jimbo la Kanada, tangu Juni 2023 mtu anayetia saini tu mkataba ulioandaliwa na upande mwengine ni lazima kwanza apewe wa Kifaransa.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni Indonesia, watu walionunua karafuu zetu miaka mingi kwa ajili ya sigara zao. Sheria yao ya 2009 inataka mkataba unaomhusu Mwindonesia uandikwe kwa lugha ya nchi. Mwaka 2013 mahakama moja ya Jakarta ilibatilisha mkataba wa mkopo kwa sababu ulikuwa wa Kiingereza peke yake. Wawekezaji hawakukimbia. Walichofanya ni kutafuta wafasiri.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Aliyefungua kesi ile alikuwa mdaiwa mwenyewe, nayo ilikuwa kampuni, si mzee asiyejua Kiingereza. Sheria ya kumlinda mnyonge ikamsaidia mjanja kuepa deni. Kwa hiyo tukitunga yetu, isiseme "mkataba usio na Kiswahili ni batili". Iseme kwamba kifungu ambacho mwananchi hakupewa kwa Kiswahili hakimfungi yeye. Mkopeshaji atarudishiwa pesa zake, lakini kifungu cha tisa kitakuwa hakipo.

MWENYE NYUMBA YA WAGENI, PAJE

Hapo umenisogeza kidogo. Kwa namna hiyo mwekezaji wa kweli hadhuriki. Swali langu limebaki moja: gharama ya kufasiri abebe nani? Mwenye kiwanja hana, na mimi mwenye vyumba vinne sina.

MWANASHERIA, MJINI

Aliyeandaa mkataba. Yeye ndiye aliyechagua lugha.

MLETA MADA, JAMBIANI

Nawashukuru nyote. Ndugu wa Paje, kwenye dola nakukubalia kuliko ulivyodhani. Mjomba mwenyewe ndiye aliyetaka dola, na mwaka ule alikuwa na sababu. Sarafu mtu anaweza kuikubali huku anaielewa, kwa sababu dola mia tatu kila mtu anazijua ni ngapi. Kifungu asichokisoma hakikubali wala hakikatai.

Wiki iliyopita tulikaa barazani kwake, mimi na binti yake, ambaye ni mwalimu wa skuli, tukaufasiri mkataba wote. Ulituchukua siku tatu, kila siku baada ya Isha. Mimi nasoma Kiingereza, yeye anaandika Kiswahili kwenye daftari la mistari, mjomba anasikiliza. Kifungu cha tisa tulikitarajia. Tulichokuwa hatukitarajii kilikuwa cha sita, ambacho kwa miaka yote sita hakuna aliyekitaja: mpangaji anaweza kuzungushia uzio kiwanja chote "pamoja na njia zilizomo".

Mjomba akanyanyua mkono. "Njia gani?"

Njia iliyomo ni moja tu. Ndiyo wanayopita kinamama kwenda kwenye mwani maji yakitoka, na marehemu mama yake alipita hapohapo na kamba zake na vigingi kichwani. Uzio haujawekwa bado. Akamwambia binti yake kifungu hicho akiandike tena kwenye karatasi ya peke yake, kwa herufi kubwa, kisha akamtaka amwandikie na chini yake kwa herufi za Kiarabu, aweze kukisoma mwenyewe. Binti hakuweza, hakufundishwa. Mjomba akaichukua kalamu, akamwambia, "Basi nisomee pole pole." Akaandika mwenyewe, kutoka kulia, neno baada ya neno, na asubuhi akaipeleka karatasi ile kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa.